Jacquard: Fundi wa Lyon aliye nyuma ya mshipi wa kimono na kompyuta yako

UKIPITA kwenye vibanda vya nguo Makongeni, mjini Thika, hutakosa kuliona vazi ambalo wauzaji wanaliita kimono: koti jepesi la maua, mikono mipana, mbele wazi. Wasichana wanalivaa juu ya jinzi na mambo yanakuwa sawa. Lakini kama umewahi kutazama filamu za Kijapani ama katuni za anime, utakuwa umegundua kuna kitu hapo kinakosekana. Kimono yenyewe ya Japani haina vifungo wala zipu. Kinachoishika kiunoni ni mshipi mpana unaoitwa obi.

Obi ya kuvaliwa kwenye sherehe ina upana wa sentimita 30 hivi na urefu unaozidi mita 4. Huzungushwa kiunoni mara mbili, kisha fundo linafungwa mgongoni. Mara nyingi ndiyo yenye kazi kubwa kuliko kimono yenyewe: korongo wanaoruka, mawimbi, feni zilizokunjuliwa, maua ya msimu, yote kwa hariri na wakati mwingine nyuzi za dhahabu.

Sasa sikiza. Leso ya nyumbani kwenu ilifumwa kwanza ikiwa kitambaa kitupu, halafu maua na jina vikachapishwa juu yake. Obi ya aina hii sivyo. Ua lake halikuchapishwa wala kushonewa juu. Limefumwa humo humo, uzi kwa uzi, na ukilifumua ua utakuwa umefumua mshipi wenyewe.

Hiyo si kazi ndogo. Na sehemu kubwa ya obi zilizofumwa Japani katika miaka 140 iliyopita zina deni kwa Mfaransa mmoja ambaye hakuwahi kufika Japani. Alisoma akiwa amechelewa, akafuja urithi, akamzika mwana, na akachukiwa na watu wa kazi yake mwenyewe. Anaitwa Joseph Marie Jacquard. Usiharakishe kusema humjui. Kama una simu mkononi, unatumia wazo ambalo yeye alilisukuma mbele.

Mtoto wa mfumaji

Jacquard alizaliwa Julai 7, 1752, mjini Lyon, kusini mashariki mwa Ufaransa. Lyon wakati huo ilikuwa mji wa hariri. Wafalme, maaskofu na matajiri wa Ulaya walivaa na kupamba nyumba zao kwa vitambaa vya huko. Baba yake alikuwa fundi mkuu mwenye mitambo yake ya kufuma. Mama yake alifanya kazi ya kusoma michoro ya nakshi na kuitayarisha ili wafumaji waweze kuifuata.

Nyumbani walizaliwa watoto tisa. Waliofika utu uzima ni wawili tu: Joseph na dadake. Mama naye akafariki Joseph akiwa na umri wa miaka kumi. Shule hakuiona sana. Aliyemfundisha kusoma alikuwa shemeji yake, mume wa dadake, aliyekuwa mchapishaji wa vitabu, na wakati huo kijana alikuwa tayari na miaka 13 hivi.

Ili uelewe alichokuja kufanya, lazima kwanza uelewe kazi ya baba yake. Kitambaa chochote kina nyuzi za aina mbili. Kuna zile zilizotandwa kwa urefu, zinaitwa mtande. Halafu kuna uzi unaopitishwa kwa upana, kwenda na kurudi, huo ni mshindio. Ukiinua nusu ya nyuzi za mtande na kupitisha mshindio, halafu ukainua nusu nyingine na kupitisha tena, unapata kitambaa cha kawaida.

Ukitaka ua, mambo yanabadilika. Kwa kila mstari mmoja wa mshindio lazima uinue nyuzi fulani za mtande na kuziacha nyingine, na mstari unaofuata ni nyuzi tofauti kabisa. Kwenye hariri, nyuzi za mtande ni maelfu. Kwa hiyo mfumaji hakufanya kazi peke yake. Kando ya mtambo alisimama msaidizi, mara nyingi mtoto, akivuta mafungu ya kamba ili kuinua nyuzi zinazotakiwa. Mstari baada ya mstari, kutwa nzima. Akikosea kamba moja, ua linaharibika. Mwili uliumia, na ujira ulikuwa mdogo.

Huo ndio ulimwengu aliouona tangu utotoni.

Urithi unaisha

Baba alipofariki mnamo 1772, Joseph alikuwa na miaka ishirini. Alirithi nyumba, mitambo ya kufuma, na shamba la mizabibu na machimbo ya mawe katika kijiji walikotoka wazee wake. Kwa kijana wa umri wako, huo ulikuwa mwanzo mzuri.

Haukudumu. Jacquard alikuwa na kichwa cha ubunifu, lakini biashara ilimshinda. Alijitosa kwenye ununuzi na uuzaji wa nyumba na mashamba, madeni yakapanda, mali ikaenda kidogo kidogo. Mnamo 1778 alimwoa Claudine Boichon, mjane aliyekuwa na mali kiasi, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Jean Marie. Mali ya mke nayo ikaingia kwenye shimo lile lile. Husimuliwa kwamba ilifika mahali mume akawa kibarua wa kuchoma chokaa, na mke akawa anasuka kofia za majani ili nyumba isilale njaa.

Yaani, katika umri wa miaka arobaini, mtu ambaye leo jina lake limeandikwa kwenye kila kitabu cha historia ya kompyuta alikuwa amesota.

Kisha vita vikaja. Mapinduzi ya Ufaransa yalianza 1789, na kufikia 1793 Lyon ilikuwa imegeuka dhidi ya serikali ya Paris. Jeshi likauzingira mji kwa miezi miwili mpaka ukaanguka mwezi wa Oktoba. Jacquard, aliyekuwa upande wa walinzi wa mji, alitoroka pamoja na mwanawe. Wakajiunga na jeshi la mapinduzi mahali pengine, baba na mwana katika kikosi kimoja.

Jean Marie aliuawa vitani. Alikuwa mtoto wao wa pekee. Baba alirudi Lyon bila yeye, akaukuta mji ambao viwanda vyake vya hariri vilikuwa vimelala na mafundi wake wametawanyika.

Safari ya Paris

Ni baada ya hapo, akikaribia miaka hamsini, ndipo mikono yake ilipoanza kuzaa matunda. Mwishoni mwa 1800 alipata hataza ya mtambo wa kufuma uliopunguza kazi ya yule msaidizi wa kamba. Mnamo 1801 aliuonyesha Paris katika maonyesho ya viwanda, akapata medali ya shaba. Mtambo wenyewe haukuwa mzuri sana, na wafumaji wachache waliutaka.

Hakuacha. Alibuni pia mashine ya kufuma nyavu za uvuvi, na sifa zake zikafika kwa wakubwa. Akaitwa Paris, akapewa nafasi katika hifadhi kuu ya sanaa na ufundi, mahali palipowekwa mashine za mafundi wa zamani.

Huko stoo alikuta mabaki ya mtambo wa Jacques de Vaucanson, fundi maarufu aliyekuwa ametengeneza bata wa chuma aliyepiga mabawa kana kwamba ni hai. Katika miaka ya 1740 Vaucanson alijaribu kuunda mtambo wa kufuma nakshi wenyewe kwa wenyewe, bila msaidizi. Ulikuwa na akili nyingi lakini haukufaa kiwandani, ukaachwa upate vumbi.

Na Vaucanson hakuwa wa kwanza. Mnamo 1725 Basile Bouchon wa Lyon alikuwa ametumia ukanda wa karatasi wenye matundu kuelekeza nyuzi. Miaka mitatu baadaye Jean-Baptiste Falcon akabadilisha ukanda huo kwa kadi zilizounganishwa kama mnyororo, ili nakshi iwe ndefu kadiri fundi anavyotaka.

Unaona basi? Kadi hazikuwa zake. Matundu hayakuwa yake. Alichofanya Jacquard ni kuchukua kadi za Falcon, akazitia katika wazo la Vaucanson, akaunda kitu ambacho fundi mmoja angeweza kukiendesha kwa mguu wake siku nzima. Mnamo 1804 mtambo ukawa tayari kuonyeshwa. Na hata hapo ulikuwa na kasoro, hasa pale kadi zilipotakiwa kusogea moja baada ya nyingine. Fundi mwingine, Jean Antoine Breton, ndiye aliyekuja kuirekebisha sehemu hiyo karibu 1815. Jina lililobaki ni la mmoja, kazi ilikuwa ya wengi.

Kadi inavyofanya kazi

Hebu fikiria kadi ngumu yenye mistari ya mahali pa matundu. Kadi moja ni mstari mmoja wa mshindio. Mbele yake kuna sindano za chuma zilizopangwa safu, kila sindano imeshikana na ndoano, na kila ndoano inashika nyuzi zake za mtande.

Kadi inasukumwa dhidi ya sindano. Penye tundu, sindano inapenya, ndoano inabaki mahali pake, na uzi unainuliwa. Pasipo na tundu, sindano inasukumwa nyuma, ndoano inakosa chuma cha kuiinua, na uzi unabaki chini. Mfumaji anapitisha mshindio, anakanyaga, kadi inayofuata inaingia.

Tundu au hakuna tundu. Ndiyo au hapana. Kwa majibu hayo mawili tu unaweza kufuma korongo, ua, ama uso wa mtu. Na ukitaka nakshi nyingine, huhitaji kubomoa mtambo. Badilisha kadi.

Ukifikiri hayo ni maneno matupu, kuna ushahidi wa hariri. Mnamo 1839, miaka mitano baada ya Jacquard kufa, kiwanda kimoja cha Lyon kilifuma picha yake akiwa ameketi karakana, iliyohitaji kadi zipatazo 24,000. Watu waliiona wakadhani ni picha iliyochorwa na kuchapishwa.

Lakini kazi yangu itakuwaje?

Napoleon alizuru Lyon mnamo 1805. Serikali ilitaka hariri ya Ufaransa ishinde ya mataifa mengine, kwa hiyo mtambo ukafanywa mali ya umma, kila fundi akawa huru kuutumia. Jacquard akapewa pensheni ya faranga 3,000 kwa mwaka, pamoja na faranga 50 kwa kila mtambo mpya kwa miaka kadhaa. Kufikia 1812 inakadiriwa Ufaransa ilikuwa na mitambo hiyo takriban 11,000.

Usidhani alibebwa juu mabegani. Wafumaji wengi wa Lyon walimwona kama adui. Mtambo ulimwondoa msaidizi wa kamba, na katika nyumba nyingi msaidizi huyo alikuwa mtoto wao, mke wao ama jirani. Ujira wake, hata kama ni mdogo, ndio uliokuwa unga wa jioni. Husimuliwa kwamba mitambo ilivunjwa na nyingine kuchomwa hadharani, na kwamba Jacquard mwenyewe alinusurika kupigwa.

Hapa mimi nakuomba utulie kidogo, kwa sababu swali hilo ndilo unaloulizana na wenzako leo kuhusu akili bandia. Je, mashine itanila kazi?

Historia ya Lyon inajibu kwa namna isiyo rahisi. Kazi ya kuvuta kamba ilikufa, na si watu wengi waliosikitikia kazi yenyewe. Ufumaji wa hariri haukufa. Ulikua. Kitongoji kizima cha Croix-Rousse kilijengwa mlimani, nyumba zake zikiwa na dari za kufikia mita nne kwa sababu mtambo wa Jacquard ulikuwa mrefu na haungeenea kwenye chumba cha kawaida. Nyumba hizo zipo mpaka leo.

Ila kukua kwa kazi hakukumaanisha kukua kwa mfuko wa mfumaji. Mfumaji alifuma kwake nyumbani, lakini uzi na bei vilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara. Mwezi wa Oktoba 1831 walikubaliana kuhusu bei ya chini kabisa ya kulipwa. Baadhi ya wafanyabiashara wakakataa kuifuata. Novemba wafumaji wakaingia barabarani, wakauteka mji kwa siku chache, mpaka jeshi likaja na ile bei ikafutwa. Aprili 1834 wakainuka tena, na safari hii mamia ya watu wakapoteza maisha.

Angalia vizuri walichogombania. Mnamo 1831 hawakutoka kuvunja mashine. Walikuwa wanadai bei. Mashine tayari walikuwa wameizoea, wakaijua kuliko yeyote. Kilichowauma ni kwamba faida iliyoletwa na mashine ilipita kwao bila kusimama.

Jacquard wakati huo alikuwa mzee, ametulia Oullins, kijiji kilicho kando ya Lyon. Serikali ilikuwa imempa nishani ya heshima mnamo 1819. Alifariki Agosti 7, 1834, miezi minne tu baada ya damu ile, akiwa na miaka 82. Mnamo 1840 mji uleule uliomchukia ukamjengea sanamu.

Mtambo unafika Kyoto

Sasa turudi kwenye obi. Katika mji wa Kyoto kuna mtaa wa wafumaji unaoitwa Nishijin. Jina hilo lina maana ya kambi ya magharibi, kutokana na vita vilivyoanza 1467, ambapo jeshi moja lilipiga kambi hapo. Vita vilipoisha wafumaji wakarudi kukaa mahali hapo, na kwa karne nyingi wakawa ndio wanaoivisha ikulu.

Kisha mnamo 1868 utawala ukabadilika, mfalme akahamia Tokyo, na wateja wakubwa wakaondoka naye. Nishijin ikabaki na ufundi bila soko. Unaijua hali hiyo. Kenya nayo iliiona katika miaka ya 1990, nguo kutoka nje zilipofurika na viwanda kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikazima mitambo.

Wakubwa wa Kyoto wakaamua kutuma watu. Mnamo 1872 watu watatu wa Nishijin, Sakura Tsuneshichi, Inoue Ihei na Yoshida Chushichi, walipanda meli hadi Lyon kujifunza mtambo wa Jacquard. Hebu piga picha: hawajui Kifaransa, hawajawahi kutoka kwao, na kazi waliyopewa ni kuokoa mtaa mzima. Wawili walirudi na mitambo mwaka uliofuata. Yoshida alibaki nyuma kujifunza zaidi. Mnamo 1874, akiwa njiani kurudi, meli yao ilizama karibu kabisa na pwani ya Japani. Hakufika nyumbani.

Mitambo ya kigeni ilikuwa ghali na ya chuma. Seremala mmoja wa Nishijin, Araki Kohei, akaichunguza na mnamo 1877 akaunda wa kwake kwa mbao. Ule ulikuwa jua kali wa Kyoto. Kutoka hapo mtambo ukaenea mtaani, na obi za maua zilizokuwa za wachache zikaanza kufumwa haraka zaidi. Nishijin haikuiga vitambaa vya Lyon. Korongo wakabaki korongo, mawimbi yakabaki mawimbi. Walichukua mashine, nakshi wakaacha kuwa yao.

Kutoka hariri hadi simu

Huko Uingereza, Charles Babbage alikuwa na nakala ya ile picha ya hariri. Aliwaza: kama kadi zinaweza kuelekeza nyuzi, mbona zisielekeze hesabu? Akapanga mashine ya kukokotoa itakayopewa amri kwa kadi zenye matundu. Ada Lovelace akaandika maelezo yake mnamo 1843, yakiwa na kile ambacho wengi wanakiita programu ya kwanza ya kompyuta. Mashine ya Babbage haikukamilika, lakini wazo halikufa. Marekani ilihesabu watu wake mnamo 1890 kwa kadi za Herman Hollerith, na kampuni yake ikawa mojawapo ya zile zilizoungana na baadaye kuitwa IBM. Hadi miaka ya 1970 waandishi wa programu bado walikuwa wanatoboa kadi.

Leo matundu hayaonekani. Yamekuwa umeme, sifuri na moja. Lakini kanuni ni ileile ya kwenye mtambo: mashine moja, kazi nyingi, badilisha amri tu.

Wewe wa Makongeni una bahati ya kukaa katikati ya ncha zote mbili za uzi huu. Thika ni mji wa viwanda, na Thika Cloth Mills bado inafuma. Ukipanda matatu kuelekea Nairobi, Juja kuna JKUAT, chuo kilichoanzishwa 1981 kwa msaada wa Japani, ambapo vijana wanasomea kompyuta. Ufumaji na programu zilizaliwa nyumba moja, na kwako wewe ziko umbali wa nauli ndogo.

Kwa hiyo ukimwona fundi wa cherehani akibishana na kijana wa kompyuta ni nani ana kazi ya kisasa, waambie wakae chini. Halafu waulize swali ambalo wafumaji wa Lyon waliuliza na kulilipia kwa damu: mashine ikishakuja, bei ya kazi itapangwa na nani? Jacquard hakulijibu. Alitengeneza mtambo, akazeeka, akafa. Jibu aliwaachia wanaoutumia, na wakati huu wanaoutumia ni nyinyi.